Mchujo wa Kwaya Haupimi Sauti

Kila mwaka, kidato cha kwanza wakishazoea kengele na foleni ya chakula, tangazo hubandikwa ubaoni: wanaotaka kujiunga na kwaya wafike baada ya vipindi. Wanafika hamsini, sitini. Wanajipanga koridoni, wanasukumana, wanacheka kile kicheko cha woga. Anaingia mmoja mmoja. Ndani kuna mwalimu, kinanda juu ya dawati, na wanakwaya wawili watatu wa kidato cha tatu waliokunja nyuso kama wasimamizi wa mtihani. "Imba do re mi." Anaimba. "Panda tena." Anapanda. "Haya, asante, mwite mwenzako." Dakika mbili hazifiki. Jioni orodha inatoka, ishirini wamepita.

Waliobaki wanarudi bwenini na hukumu ambayo wengi wao hawataikatia rufaa hadi uzeeni: mimi sina sauti.

Nyuma ya utaratibu huu kuna imani ambayo sijawahi kusikia mtu akiihoji, si mzazi, si mwalimu, si mchungaji. Sauti ni kipaji. Mungu humpa amtakaye. Mchujo haumnyimi mtu kitu, unafichua tu nani anacho na nani hana. Nimefundisha kwaya za shule kwa miaka kumi na tisa, na kwa nusu ya miaka hiyo nami niliketi nyuma ya kinanda nikiamini hivyo. Siamini tena. Ule mchujo wa dakika mbili haupimi sauti. Unapima nani ameshaimba.

Watazameni wanaopita. Wengi ni watoto wa wanakwaya. Tunasema "kwao ni waimbaji" kana kwamba ni kitu cha kwenye damu, kama kundi la damu O. Lakini mtoto huyo alikuwa akilazwa kwenye kanga chini ya benchi la kanisa kila Jumamosi, mama yake akifanya mazoezi ya sauti ya pili juu ya kichwa chake. Kabla hajajua kusoma, ameshasikia jinsi sauti ya pili inavyokwepana na ya kwanza na jinsi besi inavyongoja. Nasema hivi kwa kuwa mtoto huyo ni mimi. Nilipopimwa nikiwa kidato cha kwanza nilipita bila kutoka jasho, nikaona ni haki yangu. Mwenzangu wa dawati moja alichujwa siku hiyo hiyo. Kwao kulikuwa na redio ya betri, ikiimba peke yake.

Watu wasiosikia tofauti ya noti kweli wapo. Ni hali ya ubongo, na wataalamu wanaijua kwa miaka mingi. Mwaka 2017 Isabelle Peretz na Dominique Vuvan, watafiti wa Kanada, walikadiria kwamba inawapata takribani watu 15 katika kila 1,000. Shule ya wanafunzi 600, basi, itakuwa nao tisa hivi, na hao tisa si lazima wote wawe kwenye korido yangu. Mimi nilikuwa nikiwarudisha arobaini kati ya sitini. Hesabu haikubali.

Ukitaka ushahidi usiohitaji watafiti, ingia darasani uimbe wimbo wa taifa, na katikati ukosee noti moja kwa makusudi. Darasa zima litacheka, na waliochujwa watacheka pamoja na wengine. Kama hawana sikio, wamecheka nini? Wamesikia kosa sawasawa na mwalimu alivyolisikia. Wanachokosa ni njia ya kutoka sikioni hadi kooni, na njia hiyo hulimwa kwa kupita, kama njia ya kisimani.

Kuna kijana mmoja aliyenibadilisha. Aliingia mikono mfukoni, nikabonyeza do ya katikati ya kinanda, akatoa mngurumo. Nikabonyeza tena, mngurumo ule ule, mahali pale pale. Neno "asante" lilishafika mdomoni. Sijui kwa nini sikulisema. Labda ni kwa kuwa mvua ilikuwa imeanza kunyesha na koridoni walikuwa wamebaki wawili tu. Nikamuuliza, "Uwanjani ukitaka pasi unaitaje?" Akaona haya, kisha akaita: "Heee!" Sauti ilitoka nene, wazi, imenyooka. Nikaitafuta kwenye kinanda nikaikuta, chini sana ya pale nilipokuwa nikimngoja. Nikaibonyeza, nikamwambia aite tena. Akawa juu yake sawasawa. Nikapanda hatua moja, akapanda. Hatua ya pili, akapanda. Ya tatu akapotea, tukarudi. Zilipita dakika kumi, si mbili, na mwisho wake nilijua kwamba nimepata besi, na kwamba kwa miaka tisa nilikuwa nikiwaita watoto waje nilipo badala ya kuwafuata walipo.

Tangu hapo nimeanza kuona mitego mingine ambayo sisi walimu tunaitega bila kujua. Shule ya msingi, mwalimu mwanaume anamwimbia mtoto wa darasa la nne noti ya kuanzia kwa sauti yake ya kiume. Mtoto anatakiwa aisikie noti hiyo, kisha aihamishe hadi kwenye sauti yake mwenyewe, ngazi nzima juu zaidi, na hakuna aliyemwambia kwamba anatakiwa kuihamisha. Wapo wanaokisia. Wengine, watiifu kuliko wenzao, wanamfuata mwalimu chini huko huko, wanakwaruza koo, na wanaandikwa hawajui. Msichana wa rika lake akimpa noti ile ile, anaidaka papo hapo.

Kuna umri pia. Mvulana wa kidato cha kwanza ana miaka kumi na mitatu, kumi na minne, na koo lake linakua kwa kasi zaidi kuliko suruali yake. John Cooksey, Mmarekani aliyechunguza sauti za wavulana wanaobalehe, alizigawa katika hatua, na katikati ya safari hiyo noti ambazo mvulana anazimudu hupungua sana kabla ya kuongezeka tena upande wa chini. Kumpima mtu wakati huo ni kumtembelea siku anayohama nyumba, ukaukuta ubao wa kitanda mlangoni na masufuria barazani, ukaenda kutangaza kwamba hana kwake.

Na kwa tuliofundisha pwani kuna jambo la tatu, ambalo linaniuma zaidi kwa sababu nimelifanya kwa kiburi. Anakuja kijana aliyekulia madrasa. Anasoma kasida tangu ana miaka saba, pumzi yake ni ndefu, anaizungusha sauti juu ya irabu moja hadi unasahau alikoanzia. Unamwambia aimbe do re mi, na pale kwenye mi anatua mahali ambapo si kitufe cheupe wala cheusi. Niliandika: anatoka nje ya noti. Lakini mtu anayejua maqamu za taarabu, Bayati kwa mfano, atakwambia mahali hapo pana jina lake na pana wenyewe. Kinanda ndicho kisichokuwa na kitufe.

Tuseme basi mchujo umewapata kweli wenye sauti nzuri. Je, hao ndio kwaya inaowahitaji? Mwaka 1986 Thomas Rossing, Johan Sundberg na Sten Ternström walichapisha matokeo ya vipimo walivyofanya kwa waimbaji wa kiume wenye uzoefu wa kuimba peke yao na wa kuimba ndani ya kwaya. Watu wale wale walitumia sauti kwa namna mbili. Wakiwa peke yao waliongeza ule mng'ao wa juu unaoifanya sauti ipenye. Wakiwa kwenye kwaya waliupunguza, wakafuatisha ukubwa wa sauti zao na wa wenzao. Ni kazi mbili tofauti. Kumsimamisha mtoto peke yake mbele ya dawati ili ujue kama atafaa kwenye kwaya ni sawa na kumchagua beki kwa kumpigisha penalti.

Niliwahi kuwa na msichana aliyepita mchujo akiwa wa kwanza kwa mbali. Wasimamizi wangu wa kidato cha tatu walikunjua nyuso. Sauti yake ilikuwa nzuri kweli, ila haikuwa na kitufe cha kupunguzia. Tulipofika mashindano ya mkoa, majaji waliandika kwenye karatasi yetu kwamba wamesikia mtu mmoja na wasindikizaji thelathini. Si kosa lake. Nilimpima kama mtu wa kuimba peke yake, nikamchagua kama mtu wa kuimba peke yake, naye akaimba kama alivyochaguliwa.

Kinachonichekesha katika haya yote, tena kicheko cha uchungu, ni asili ya hiyo do re mi tunayoitumia kama komeo. Solfa ya herufi, ile tunayoandika d r m ubaoni kwa chaki, inatokana na kazi ya Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza. Katika miaka ya 1840 mchungaji John Curwen aliichukua na kuiendeleza kwa sababu alikuwa akitafuta namna ya kuwafundisha kuimba watoto wa shule za Jumapili na watu wa kawaida wasioweza kusoma nota za mistari. Ilibuniwa ili kila mtu aingie. Wamisionari wakaileta Afrika kwa nia hiyo hiyo. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, aliitumia kuandika wimbo ambao tuni yake ndiyo leo Mungu Ibariki Afrika. Ufunguo umekuwa kufuli, mikononi mwetu sisi walimu.

Na tuni hiyo hiyo shule nzima inaiimba mstarini, watoto mia sita kwa mpigo, waliopita na waliochujwa. Sijamwona mwalimu wa zamu akimtoa mtu mstarini kwa sababu hana sauti.

Najua jibu la wenzangu, maana nimelitoa mwenyewe kwenye vikao. Kuna mashindano. UMISSETA haingoji mtu ajifunze. Majirani zetu Wakenya wana tamasha lao la muziki tangu 1927, na shule zao zinaandaa nyimbo za lazima kwa miezi. Basi la shule lina viti vyake, na hilo halina ubishi. Ukiwaingiza wote, wanasema, utaua kiwango.

Sikatai kuchuja timu ya safari. Nakataa kuchuja Februari kwa ajili ya safari ya Juni. Kwangu sasa anayetaka kuimba anaingia, tunapanga sauti badala ya kuchuja sauti, na ninampanga kwa kumsikia akiongea na akiita, si kwa do re mi. Wanaimba miezi mitatu. Kisha nawapima watatu watatu, wanne wanne, nikisikiliza nani anamsikiliza mwenzake, nani akipotea anajua njia ya kurudi. Hapo ndipo naandika majina ya basi. Wasiosafiri wanaendelea kuwa wanakwaya, wanaimba kwenye mahafali na ibada, na mwaka unaofuata wanapimwa tena.

Sitadanganya kwamba ni raha. Muhula wa kwanza ni mateso. Mwalimu wa fizikia, ambaye maabara yake inapakana na chumba chetu, aliwahi kuniuliza kwa upole kama kuna mtu ameumia. Na wapo ambao hawakufika: katika miaka tisa ya utaratibu huu nawahesabu watatu walioimba hadi kidato cha nne bila kushika noti kwa uhakika. Mmoja alikuja kuwa mpiga ngoma wetu bora. Wawili waliimba kwa sauti ndogo nyuma ya besi, na hakuna jaji aliyewahi kuwasikia. Watatu. Na chini ya utaratibu wa zamani nilikuwa nikiwarudisha arobaini kila mwaka.

Mwezi uliopita nilipeleka pikipiki kwa yule mwenzangu wa dawati. Ni fundi sasa, na ana sifa mtaani: anaisikia pikipiki ikiwa bado kwenye kona, anakwambia cheni imelegea au valvu inagonga, kabla hujashuka. Nilikaa kwenye kopo la rangi nikimngoja. Redioni kwaya fulani ya Injili ilikuwa ikiimba, na yeye, kichwa kikiwa chini ya tangi, alikuwa akipiga mluzi. Ilinichukua ubeti mzima kugundua kwamba hapigi mluzi wa sauti ya kwanza. Alikuwa ameshika ya tatu, hatua kwa hatua, hadi kwenye ile noti inayochelewa kutua mwishoni.

Nikamwambia, "Jumapili njoo kanisani, tuna upungufu wa sauti ya tatu."

Alitoa kichwa, akafuta mikono kwenye ovaroli. "Mimi sina sauti, mwalimu. Si tulipimwa wote siku ile?"