Wimbo uliokataliwa redioni na maswali ya watoto wetu

Ijumaa iliyopita baada ya alasiri nilikuwa nimekaa barazani kwa dada yangu hapa Gombani, si mbali na uwanja wa mpira. Nyumba ya pili, mzee mmoja alikuwa akisikiliza nyimbo za zamani kwenye simu yake, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Ukapigwa wimbo wa Remmy Ongala. Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 13, aliyekuwa akifunga kamba za viatu aende mazoezini, akainua kichwa.

"Mama mdogo, soksi gani hizi anazoziimba huyu?"

Kabla sijafungua mdomo, mama yangu akamjibu: "Za kuvaa miguuni. Nenda, utachelewa."

Akaenda. Lakini kabla ya kugeuka alinitazama, na nikaona wazi kuwa hakuamini. Nikahisi pia kuwa hatatuuliza tena. Jibu atalitafuta kwingine, na mzazi mwenzangu, wewe unajua huko kwingine ni wapi siku hizi.

Usiku nilikosa usingizi nikimfikiria mtoto yule. Nikamfikiria na Remmy mwenyewe, kwa sababu yaliyotokea barazani kwetu yaliwahi kumtokea yeye, tena na redio ya taifa.

Mtoto wa Kindu

Wazazi wengi wa umri wangu tumemkuta Remmy tayari ni jina la wakubwa. Jina lake kamili lilikuwa Ramadhani Mtoro Ongala, na alizaliwa mwaka 1947 Kindu, mashariki ya Kongo. Mama yake alikuwa ameshapoteza watoto wawili kabla yake. Mwenyewe alipenda kuhadithia kwamba alipokuwa tumboni, mganga alimwambia mama yake akajifungulie msituni na mtoto asinyolewe nywele. Akazaliwa na meno mawili ya mbele, na kwao hiyo ilihesabiwa kuwa dalili ya uganga. Ndiyo maana ya lile jina la "Doctor Remmy" na zile nywele ndefu ambazo watu wengi waliziona za kihuni.

Baba yake naye alikuwa mwanamuziki. Wazazi wote wawili walifariki yeye akiwa bado kijana, na muziki ukawa njia ya kupata riziki. Mwaka 1978 aliingia Dar es Salaam kupiga katika Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Baadaye akahamia bendi iliyokuja kujulikana kama Super Matimila, na huko ndiko alikokuwa Remmy tunayemjua: mtu wa wanyonge, anayeimba kuhusu kifo, umasikini na dharau, anayejiita mwenyewe mwenye sura mbaya na watu wakacheka naye. Kanda yake ilifika Uingereza, na mwaka 1988 akapelekwa Ulaya kwenye matamasha ya WOMAD. Zikafuata albamu mbili chini ya kampuni ya Real World, *Songs for the Poor Man* mwaka 1989 na *Mambo* mwaka 1992.

Kwa kipindi kile, mwanamuziki wa dansi aliyetaka mambo yake yaende vizuri aliimba mapenzi, au aliimba sifa za viongozi. Remmy hakuwa mtu wa kufuata mstari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akatoa *Mambo kwa Soksi*, wimbo unaowahimiza wanaume kutumia kondomu, na humo hakupita pembeni. Redio Tanzania Dar es Salaam ikaukataa. Kumbuka wakati ule Bara hakukuwa na redio hata moja ya mtu binafsi. Ukikataliwa pale, umekataliwa kote. Hata hivyo wimbo haukufa. Ulisikika kwenye kumbi na kwenye kanda, ukapita mkono kwa mkono hadi watu wakauhifadhi kichwani.

Sasa angalia tarehe. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Hapa Zanzibar walithibitishwa mwaka 1986. Wimbo ulipotoka, watu walikuwa wameshazika ndugu kwa miaka kadhaa. Maradhi yalikuwa yamo ndani ya nyumba, na redio inaona haya kutaja njia mojawapo ya kujikinga.

Kikombe cha mjomba

Nasema "redio", lakini nikiwa mkweli naisema familia yangu.

Mwaka 2003, nikiwa na miaka saba, mjomba wangu alirudi kutoka Dar es Salaam amekonda. Alikuwa mcheshi, alikuwa akininunulia kashata kila jioni. Alipolala kitandani hakuinuka tena. Sisi watoto tuliambiwa ana homa. Homa ilipozidi kukaa, tukaambiwa katupiwa jini. Kikombe chake kikatengwa, kikawekwa juu ya dirisha peke yake, na siku niliyokichukua kunywea maji nilichapwa. Hakuna aliyeniambia kwa nini.

Alifariki mwaka huo huo. Mwaka uliofuata, 2004, mpango wa kitaifa wa dawa za ARV ukaanza Bara, na haukuchukua muda mrefu dawa zikafika na visiwani. Hesabu hiyo huwa inaniuma mpaka leo.

Lakini kinachoniuma zaidi ni mkaza mjomba. Alikaa eda, akamaliza, akarudi shambani kwake kuendelea na maisha, na katika ukoo mzima hakutokea mtu wa kumwambia: nenda ukapime. Watu wazima walijua, au walikisia. Walinyamaza kwa heshima, walinyamaza kwa haya, na wengine walinyamaza kwa mapenzi. Miaka minne baadaye alianza kuugua. Muuguzi mmoja, mtu baki kabisa, ndiye aliyemketisha faragha na kumuuliza maswali ambayo sisi tulishindwa. Akapima, akakutwa na virusi, akaanza dawa. Mtoto wake wa mwisho alipimwa pia na hakuwa navyo.

Mkaza mjomba yuko hai. Ana wajukuu watatu na karafuu zake anazichuma mwenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kwetu kilio kilishatuumbua mara moja, na tulikaribia kukirudia.

Haya tuliyonayo, na tusiyokuwa nayo

Najua utasema: haya ndiyo malezi yetu, sisi si watu wa kutaja mambo hayo mbele ya watoto. Nakubali nusu.

Wewe na mimi tumekaa chuoni tangu wadogo. Nani alitufundisha hedhi, janaba, josho na nifasi? Mwalimu, tena kwa majina yake, bila kucheka, na mwanafunzi akikosea anasahihishwa mbele ya wenzake. Hakuna aliyesema mwalimu anaharibu watoto. Nenda kwa mabibi zetu: mwari alikuwa na somo wake, na somo hakumficha kitu. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarab, lakini kwa wanawake wa Unguja alikuwa pia mtu wa unyago, anayewafunda wasichana kwa ngoma na maneno yaliyo wazi kuliko chochote alichoimba Remmy.

Kwa hiyo kusema si ugeni kwetu. Somo tumemwacha, mwalimu wa chuo tumemwachia sehemu ya ibada peke yake, na ile sehemu iliyobaki hatukumpa mtu. Imechukuliwa na simu.

Wazazi huniambia hofu yao kubwa: ukimwambia mtoto, umemfungulia mlango. UNESCO imekusanya tafiti za nchi nyingi juu ya jambo hili, na matokeo ni kwamba kuwafundisha watoto habari za miili yao na kujikinga hakuwafanyi waanze ngono mapema. Wanaofundishwa vizuri huchelewa, au wakifika huko huwa waangalifu zaidi. Na kumwambia mtoto kuwa kondomu ni kitu gani hakukuzuii kumwambia kwamba zinaa ni haramu. Anza na hilo la dini kama ndiyo imani ya nyumba yako. Lakini usiishie hapo.

Tuseme nini, na lini

Akiwa na miaka minne hadi minane: majina ya viungo vyake vyote, kwa lugha ya adabu, na kwamba sehemu zake za siri haguswi na mtu yeyote, awe jamaa, jirani au mwalimu. Akiguswa aje kusema, hata kama ameambiwa ni siri, na hatagombwa.

Miaka tisa hadi kumi na mbili: balehe kabla haijafika. Msichana asiione damu ya kwanza akadhani anakufa. Mvulana asiamke na nguo zilizorowa akajiona mchafu. Mazungumzo ya dakika tano yanatosha, tena si lazima mtazamane usoni. Mkiwa mnamenya muhogo, au njiani mkirudi sokoni, maneno hutoka kwa urahisi zaidi.

Kuanzia miaka kumi na tatu: VVU bila mafumbo. Vinaambukiza kwa ngono isiyo na kinga, kwa damu, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Haviambukizi kwa kikombe, sahani, kushikana mikono wala mbu. Mwambie kuwa kinga ipo na dawa ipo. Mtu anayemeza dawa zake kila siku hadi virusi vikafubaa kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo hamuambukizi mwenzake kwa ngono. Mjamzito mwenye virusi asipotibiwa, hatari ya kumwambukiza mtoto ni kati ya asilimia 15 na 45. Akitibiwa, hushuka chini ya asilimia 5.

Na hili liandike mahali: mtoto akibakwa, Mungu apishe mbali, zipo dawa za kuzuia VVU visishike, lakini lazima zianze ndani ya saa 72, na zikianza mapema ndiyo bora. Usimwogeshe kwanza, usisubiri kikao cha ukoo. Hospitali ya Chake Chake ina kituo cha Mkono kwa Mkono ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana pahala pamoja. Namba ya simu ya mtoto ni 116, na haikatwi pesa.

Zanzibar maambukizi kwa watu wazima yako chini ya asilimia 1. Hiyo ni neema, lakini pia ndiyo sababu ya kulala. Tunadhani ni maradhi ya watu wa Bara. Mjomba wangu alikuwa mtu wa Pemba.

Nyumba ya Remmy

Remmy alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Miaka yake ya mwisho alikuwa amegeukia nyimbo za Injili. Pale Sinza kituo cha daladala bado kinaitwa kwa Remmy. Mwanawe Kali alikwenda kwenye mpira, akachezea Yanga na Azam, kisha akawa kocha. Binti yake Aziza akashika njia ya kuimba. Sijui baba aliwaambia nini watoto wake wakiwa mezani, lakini ninajua hawakuwa na haja ya kujiuliza iwapo baba yao anaweza kulitaja jambo gumu kwa jina lake. Nchi nzima ilikuwa imeshamsikia.

Sisi hatuna gitaa. Lakini ndani ya nyumba zetu, mzazi mwenzangu, redio ni sisi. Tunaamua kipi kipigwe na kipi kifungiwe. Na watoto wetu, kama wasikilizaji wale wa Remmy, tukikifungia watakisikia kwenye kanda ya mtu mwingine.

Jumapili nilirudi kwa dada yangu. Nilimkuta mtoto anafua jezi uani, nikachuchumaa karibu yake nikashika ndoo. Nikamwambia: "Juzi uliuliza swali zuri, hukujibiwa." Hakuinua kichwa, aliendelea kusugua. Nikamweleza wimbo ule ulihusu nini na kwa nini mtu aliuimba. Masikio yalimsimama. Nilipofika kwa mjomba, akaacha kufua.

"Kwa hiyo Bibi alijua?"

Mama yangu alikuwa mlangoni, nadhani kwa muda mrefu kuliko nilivyofikiri. Akasema, "Nilijua, mjukuu wangu. Nilikuwa sijui pa kuanzia." Kisha akaja akakaa juu ya kinu, akaanza kumhadithia mjomba alikuwa mtu gani kabla hajaugua, habari ambazo hata mimi sikuwahi kuzisikia.

Kabla sijaandika haya nilikwenda kwa mkaza mjomba kumwomba ruhusa. Alinisikiliza huku akianika karafuu, akaniambia: "Andika. Jina langu liache, lakini kikombe kiandike."

Nimekiandika. Tukutane wiki ijayo.