MANENO NA MAANA YAKE: Chombo Kinapokata Roho



Juma hili tutazame jambo dogo la jikoni lenye mafundisho makubwa ndani yake, yaani namna watu wanavyosema juu ya vyombo vilivyochakaa. Kila taifa lina vyombo, na kila chombo kina siku yake ya mwisho. Pasi hukataa moto, cherehani hukwama, sufuria hutoboka. Hapo ndipo ulimi husema neno lake la kweli, maana hakuna atafutaye maneno ya vitabuni mbele ya jiko lililozimika na chakula kingali kibichi.

Tutatwaa maneno ya Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, tuone yageuzwavyo kuwa Kiingereza. Wajerumani si wageni kabisa kwetu. Kwao tulipata neno shule, na neno hela, iliyokuwa sarafu yao ndogo walipoitawala nchi hii. Wabenedikto waliotoka kwao walianzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898 na ya Ndanda mwaka 1906. Na Kiingereza ndicho watoto wetu wanachohangaika nacho shuleni. Basi twaweza kuzitazama lugha hizi mbili kama majirani wawili wanaosemezana uani.

Tuanze na neno lijulikanalo kuliko yote: kaputt. Wajerumani walilipata kwa Wafaransa, katika mchezo wa karata, ambamo aliyeshindwa bila kupata hata mkono mmoja aliitwa capot. Lilienea Ujerumani wakati wa vita vya miaka 30, vya 1618 hadi 1648, na baadaye Waingereza nao wakalichukua wakaliandika kaput. Utadhani basi kazi ya mfasiri imekwisha: neno ni lile lile, aliache lilivyo. La hasha! Kwa Mjerumani, kaputt ni neno la kila siku. Kikombe ni kaputt, kiatu ni kaputt, hata mtu aliyetoka shambani jioni husema yeye ni kaputt, maana yake amechoka kabisa. Lakini Mwingereza akisema kaput, amesema kwa mzaha kidogo. Kwa kikombe yeye husema broken, yaani kimevunjika, na kwa mtu aliyechoka husema worn out. Maneno mawili yaweza kufanana sura kama mapacha, lakini tabia zao ni mbali mbali.

La pili ni im Eimer, yaani ndani ya ndoo. Mjerumani husema jiko lake limo ndani ya ndoo, kama takataka zinazongoja kumwagwa. Sasa mfasiri mvivu ataandika kwa Kiingereza kwamba jiko limo katika ndoo, na Mwingereza atashangaa jiko zima limeingiaje humo. Tena yuko mfasiri mwerevu kupita kiasi. Yeye anakumbuka kwamba Waingereza nao wana msemo wa ndoo, kick the bucket, yaani kuipiga ndoo teke, akautumia huo. Kumbe kwa Waingereza anayeipiga ndoo teke ni mtu anayekufa! Ndoo ni ile ile, bali maji yaliyomo ni mengine.

La tatu ni hinüber, maana yake ng'ambo. Chombo kimevuka. Maziwa yaliyoganda na nyama iliyooza pia husemwa hivyo. Hapa pana jambo la kuangalia sana. Kilicho kaputt mara nyingi fundi aweza kukitengeneza, lakini kilicho hinüber hakirudi tena. Sisi nasi twajua tofauti hiyo: mashine iliyoharibika hupelekwa kwa fundi, mashine iliyokwisha huuzwa chuma chakavu. Mfasiri akichanganya maneno hayo mawili, mtu atatupa chombo ambacho kingalifaa, au atapoteza fedha zake kwa chombo ambacho hakitapona. Kwa mama mwenye cherehani moja tu ya kuwasomeshea watoto, hilo si kosa dogo la sarufi.

Sasa tufike kwenye msemo ulio mzuri kuliko yote. Mjerumani husema redio yake imetoa Geist, na Geist ni roho, neno lile lile analotumia anapomtaja Roho Mtakatifu. Mwingereza naye husema imetoa ghost. Siku hizi neno hilo huwafanya watu wafikiri mizuka ya usiku, lakini zamani lilikuwa na maana ya roho, na Wakatoliki wa Uingereza kwa karne nyingi walimwita Roho Mtakatifu kwa neno hilo. Lugha zote mbili zina msemo huu katika Biblia zao za zamani, panaposimuliwa mauti ya watu. Na sisi je? Twasema mtu amekata roho, kama tusikiavyo Ijumaa Kuu inaposomwa habari ya Mateso. Lugha tatu zimekutana chini ya msalaba mmoja. Hapa mfasiri hana taabu, kwa kuwa njia imekwisha kulimwa.

Upo msemo mwingine wa kidini: das Zeitliche segnen, kuyabariki mambo ya dunia hii ipitayo. Mkristo aliyekuwa akifa aliwaombea baraka wale anaowaacha. Leo Wajerumani husema hivyo kwa kucheka juu ya mashine ya kufulia nguo. Ukiufasiri neno kwa neno, Mwingereza atadhani mashine imekuwa padre. Afadhali umwambie kwamba imeaga dunia, akacheke naye. Au kama ni fundi, umwambie tu kwamba haizunguki, kwa sababu fundi hatafuti kichekesho, atafuta ubovu uko wapi. Waingereza wenyewe husema mashine imefunga mizigo yake, packed up, na hilo sisi twalielewa upesi, maana nasi twamjua aliyefunga virago.

Mwalimu wetu katika mambo haya ni Mtakatifu Yeronimo, ambaye twamkumbuka kila tarehe 30 Septemba. Baba Mtakatifu Damasus alimpa kazi ya kusahihisha Injili za Kilatini mwaka 382, na baadaye akaendelea na sehemu kubwa ya Biblia. Wako waliomlaumu kwamba hafuati maneno. Yapata mwaka 395 alimwandikia rafiki yake Pammachius akaeleza kwamba katika vitabu vya kawaida yeye hufasiri maana kwa maana, wala si neno kwa neno, ila katika Maandiko Matakatifu, ambamo hata mpangilio wa maneno una fumbo. Basi mwanafunzi anayefasiri barua, na katekista anayemfasiria mgeni, wajiulize kwanza: Nani asema? Amwambia nani? Anacheka au analia? Baada ya hapo ndipo watafute maneno.

Na neno moja la mwisho kwa nyumba zetu. Mmeona kwamba Mwingereza ana worn out moja tu kwa kiatu na kwa mtu, na Mjerumani ana kaputt moja tu. Lugha yetu imetupa utajiri hapa. Nguo huchakaa, mtu huzeeka. Jembe ni kuukuu, baba ni mzee. Na uzee kwetu ni jina la heshima. Kuazima maneno ya binadamu na kuyapa mashine ni mchezo usiodhuru mtu. Kuazima maneno ya vyombo na kumpa binadamu ni dhambi ya ulimi. Siku hizi husikika vijana wakisema juu ya bibi asiyeweza tena kuchota maji kwamba amekwisha, kana kwamba ni betri ya tochi. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Lakini wahenga walituonya pia tusiache mbachao kwa msala upitao. Ikiwa mkeka uliochakaa wastahili kutunzwa hivyo, sembuse mama aliyetulaza juu yake?

Enyi wazazi, wasahihisheni watoto wenu neno hilo wanapolisema. Redio na ikate roho ikitaka. Bibi yenu mwiteni bibi, mkampelekee maji.