Lugha Ikifa, Mti Huwa Bubu

Wakulima wetu wa Murang'a, Embu na Meru wanaijua vyema makadamia. Yamkini ni wachache wanaojua kwamba asili ya mti huo ni mashariki mwa Australia, ambako wenyeji walizila njugu zake na kuziita kwa majina yao tangu enzi na enzi. Katika miaka ya 1850 mtaalamu wa mimea, Ferdinand von Mueller, aliupa mti huo jina la mwenzake, John Macadam. Jina la mgeni likaenea ulimwenguni, na majina ya wenyeji yakasalia vinywani mwa wachache. Hapo pana funzo kwetu sisi walimu.

Nilipokuwa Sydney kwa shughuli za isimu, nilifuatana na kundi la wageni katika bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1816, juu ya ardhi ya Wagadigal. Kiongozi wetu alikuwa mmoja wa wenyeji wa asili, ambao huitwa Waaborijini. Hakutuhutubia, bali alitushikisha majani. Alituonyesha lomandra, mmea wenye majani marefu na magumu ambayo husukwa vikapu, na ambayo shina zake changa hutafunwa. Alituonyesha pia mti-nyasi, ambao utomvu wake ni gundi ya kushikiza ncha za mikuki, na bua la maua yake ndilo mpini wa mkuki wenyewe.

Kilichonishika zaidi kilikuwa burrawang, mmea ufananao na mkindu mfupi. Mbegu zake zina sumu. Hata hivyo, Waaborijini walizila, kwa kuwa walijua kuzipasua, kuzichoma na kuziloweka majini siku nyingi hadi sumu itoke. Mwaka 1697 mabaharia wa Kiholanzi walizila mbegu za mmea wa jamii hiyo, magharibi mwa Australia, wakatapika vibaya. Macho walikuwa nayo na mbegu waliziona. Walichokosa ni maelezo, nayo maelezo yalikuwa ndani ya lugha wasiyoifahamu.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Maarifa ya mimea hayakai katika mimea. Hukaa katika majina, katika vitenzi vya kuloweka na kuchoma, na katika makatazo ambayo nyanya humpa mjukuu. Waingereza walipofika kufanya makao Australia mwaka 1788, lugha zaidi ya 250 zilisemwa huko. Leo zile ambazo watoto wangali wanarithi kikamilifu ni kama kumi na mbili tu. Mengi ya yale tunayoyajua kuhusu lugha ya Sydney tumeyapata katika madaftari ya Luteni William Dawes, aliyefundishwa na msichana aitwaye Patyegarang katika miaka ya 1790 na 1791. Wajukuu wanaoifufua lugha hiyo leo hulazimika kuyasoma madaftari yaliyohifadhiwa London ili wajue babu zao walisema nini.

Sisi hatujafika huko, lakini njia ni ile ile. Tangu ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976, sera yetu imesema kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo. Katika shule nyingi sera hiyo imebaki kwenye makaratasi, na wako watoto walioadhibiwa kwa kusema lugha ya mama. Mtoto wa namna hiyo atautambua vipi muiri au muthiga, miti ambayo Wakikuyu wameitumia kwa dawa vizazi na vizazi?

Watakuwepo watakaosema kuwa ninawarudisha watoto kwenye uganga. La hasha. Si kila jani ni dawa, na dawa haina budi kupimwa katika maabara. Lakini maabara huanza na swali, na aghalabu swali hutoka kwa mzee anayeujua mti. Magome ya muiri yameuzwa Ulaya kwa matibabu ya tezi la kibofu, na huko hakuna aliyeyacheka.

Ninawasihi walimu wenzangu wafanye jambo dogo. Mara moja kwa muhula, watoeni wanafunzi darasani, mwalikeni mzee wa mtaa, na mmwache aseme kwa lugha yake. Wanafunzi waandike jina la mmea, matumizi yake na hatari yake. Pale Kaya Kinondo, Kwale, Wadigo wenyewe huwatembeza wageni katika msitu wao mtakatifu na kuwaeleza miti, hivyo mfano hatuna haja ya kuuagiza ng'ambo. Mzee na aombwe ruhusa kwanza, atajwe na apewe haki yake, kwani sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inamtambua kuwa ni mwenye mali.

Nanyi wanafunzi, msingoje kutumwa. Likizo hii mwulizeni nyanya jina la mti ulio nyuma ya nyumba, kisha mwulizeni unafanya kazi gani. Wajukuu wa Patyegarang wangetoa mengi kupata nafasi hiyo.