BARAZA LA NYUMBANI: Neno la Balozi Katika Simu ya Mkononi

Mke wa koplo mmoja ametuletea swali ambalo tumeona halifai kujibiwa kwa mistari miwili. Anauliza kwa nini mumewe anakatazwa kuandika lolote juu ya kazi yake katika mitandao, hali mawaziri wa mambo ya nje na mabalozi wa dunia nzima wanaandika humo usiku na mchana. Je, kuna sheria ya wakubwa na sheria ya wadogo?

Swali ni la haki, na jibu lake linaanzia mbali kidogo.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Lakini mjumbe naye alikuwa na mipaka yake, na mipaka hiyo imeandikwa katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, ambao karibu mataifa yote yanaufuata. Kifungu cha 27 kinampa balozi uhuru wa kupelekeana habari na serikali yake, kwa tarishi, kwa mfuko usioruhusiwa kufunguliwa, na kwa maandishi ya mafumbo. Mtambo wa simu ya upepo, hata hivyo, hawezi kuufunga wala kuutumia bila idhini ya nchi mwenyeji. Kifungu cha 41 nacho kinamkataza kujiingiza katika mambo ya ndani ya nchi hiyo, na kinamtaka shughuli zake rasmi azipitishe katika Wizara ya Mambo ya Nje ya mwenyeji wake, au wizara nyingine iliyokubaliwa. Sasa fikirini: mtambo ule, ambao ulikuwa wa kusema na kwao tu, wahitaji idhini, bali simu iliyomo mfukoni mwa balozi, ambayo kwayo aweza kusema na raia wote wa nchi mwenyeji kwa dakika moja, haimwombi mtu ruhusa.

Hatusemi kwamba chombo hiki hakina faida. Mwaka 2011 Carl Bildt, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Sweden, alimkosa mwenzake wa Bahrain kwa njia za kawaida, akamwandikia hadharani katika Twitter (mtandao ambao tangu 2023 huitwa X) kwamba anamtafuta kwa jambo fulani. Ubalozi nao waweza kuwaonya raia wake juu ya mafuriko au machafuko pasipo kungoja taarifa ya habari ya jioni. Hayo ni mema. Lakini yaliyotokea baina ya Kanada na Saudi Arabia yanastahili kutazamwa kwa utulivu.

Tarehe 3 Agosti 2018, Wizara ya Mambo ya Nje ya Kanada iliandika katika Twitter kwamba inasikitishwa na kukamatwa kwa watetezi wa haki za wanawake nchini Saudi Arabia, miongoni mwao Samar Badawi, ikahimiza waachiliwe mara moja. Siku mbili baadaye ubalozi wa Kanada mjini Riyadh ukayatoa maneno hayo kwa Kiarabu. Hapo moto ukawaka. Serikali ya Saudia ilisema kwamba kulitumia neno hilo la kuachiliwa mara moja hakukubaliki kabisa katika uhusiano wa mataifa. Na jibu lake nalo likatolewa katika Twitter: Balozi Dennis Horak akapewa saa 24 aondoke, balozi wa Saudia akaitwa nyumbani, na biashara mpya zote zikasimamishwa.

Barua rasmi inayokabidhiwa mkononi humwachia anayeipokea nafasi ya kukubali bila kuaibika. Ujumbe ule wa Kiarabu, kwa maoni yetu, ulikuwa sawa na kumkaripia jirani mbele ya watoto wake, tena kwa lugha ya watoto hao. Kwa upande mwingine, waliofungwa hawakuwa na kinywa kingine cha kuwasemea, na Kanada haikuomba radhi. Ilishikilia kwamba itaendelea kutetea haki za binadamu. Kila mtu na apime mwenyewe.

Lililo wazi ni nani aliyelipa. Maelfu ya wanafunzi wa Kisaudi waliamriwa waache masomo yao na kuondoka Kanada, wengine wakiwa na wake na watoto, na mikataba ya nyumba iliyokwisha kulipiwa. Wagonjwa waliokuwa wakitibiwa huko wakahamishiwa nchi nyingine. Ndege za Saudia zikaacha kwenda Toronto. Wakulima wa ngano na shayiri wa Kanada wakapoteza mnunuzi. Mafuta, lakini, yaliendelea kuuzwa; hilo tunaliacha bila kulieleza zaidi. Katikati ya vurugu hiyo, kikundi kimoja cha Saudia kikachapisha picha ya ndege ikielekea mnara mrefu wa Toronto. Kikaomba radhi, na wakuu wa Saudia wakaamuru ukurasa wake ufungwe.

Samar Badawi aliachiliwa mwaka 2021. Mabalozi walikubaliwa kurudishwa Mei 2023, takriban miaka mitano baadaye, na hilo lilitokana na mazungumzo ya Waziri Mkuu wa Kanada na Mwana Mrithi wa Ufalme, walipoonana uso kwa uso mjini Bangkok, Novemba 2022.

Wazee wa enzi ya vita baridi waliijua hatari ya haraka. Baada ya mgogoro wa Cuba wa mwaka 1962, Marekani na Muungano wa Kisovieti zilikubaliana Juni 1963 kuweka njia ya kuwasiliana moja kwa moja. Wengi hudhani ilikuwa simu nyekundu mezani pa Rais. Sivyo; ilikuwa mashine ya kupiga chapa, kusudi kila upande upate wasaa wa kusoma, kutafsiri na kufikiri kabla ya kujibu.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, Oktoba 2022, Luteni Jenerali Muhoozi Kainerugaba, aliyekuwa Kamanda wa Jeshi la Nchi Kavu la Uganda, aliandika katika Twitter kwamba yeye na jeshi lake wasingehitaji majuma mawili kuiteka Nairobi. Kesho yake akaondolewa katika ukamanda huo, ingawa alipandishwa cheo kuwa jenerali kamili, na Rais Museveni, baba yake, akawaomba radhi ndugu wa Kenya kwa maandishi.

Basi, mama, waziri amepewa kazi ya kusema kwa niaba ya taifa, ana maofisa wa kumpimia maneno, na bado hukosea. Mumeo hakupewa kazi hiyo, na mgeni asomaye aliyoyaandika haoni koplo, huona sare ya nchi. Tena si maneno pekee yanayosema. Januari 2018 ilibainika kwamba ramani iliyochapishwa na kampuni ya Strava, yenye kuonyesha njia za watu wanaokimbia wakiwa na saa na simu za kisasa, ilikuwa imechora pia mizunguko ya askari ndani ya kambi, zikiwamo za Marekani huko Syria na Afghanistan.

Picha ya mtoto akikata keki iweke bila wasiwasi. Ile ambayo nyuma yake laonekana lango la kambi na magari yaliyopangwa, ibaki katika albamu ya nyumbani. Na siku ya safari ya mumeo waambie jamaa kwa mdomo.