Chumba cha Jua
Msomaji mpenzi, chumba chenye giza kisichopitisha hewa ni rafiki wa kifua kikuu. Vijidudu vyake, alivyovigundua Daktari Robert Koch mwaka 1882, huweza kuelea humo kwa saa nyingi, lakini jua kali huviua.

Basi ujengapo nyumba, tenga chumba kimoja upande wa mashariki. Kitie dirisha pana la kuingiza jua la asubuhi, na jingine ukuta wa pili, hewa ipite. Paka chokaa nyeupe, nuru ifike pembeni. Tandika mkeka, weka viti vya kamba. Bibi aote jua, watoto wasome.

Dirisha usilizibe kwa magunia ya mahindi! Na mwenye kukohoa majuma mawili apelekwe zahanati, maana jua si dawa yake.