Tusiwaketishe Wazee Wetu

Hakuna jamii katika nchi hii isiyojisifu kwa kuwaheshimu wazee. Ajuza akionekana ameinama kuinua mtungi wa maji, kijana aliyelelewa akaleleka humwahi na kumpokea mzigo huo. Babu akitaka kuondoka kitini ili afuate maji ya kunywa, mjukuu huamrishwa ainuke badala yake. Haya ni mambo mema, wala mwandishi wa makala haya hakusudii kuyabeza. Hata hivyo, wakati umewadia wa kuuliza swali ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wasomaji: je, heshima hii ya kumketisha mzee kutwa kucha haijageuka kuwa mojawapo ya mambo yanayompandishia shinikizo la damu?

Swali hili lina uzito wa pekee katika Noonkopir, ambayo ni sehemu ya mji wa Kitengela katika Kaunti ya Kajiado. Kizazi kimoja tu kilichopita, nyanda hizi zilikuwa malisho. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama wake mnamo 1988, na viwanda vya kutengeneza bidhaa za kuuza nje vilipoanza kujengwa Athi River katika miaka ya 1990, watu walimiminika kutafuta kazi na makao. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 mjini Kitengela. Palipokuwa na zizi leo pana nyumba za ghorofa. Mzee aliyekuwa akifuata mifugo tangu alfajiri hadi magharibi huketi barazani akitazama malori yaelekeayo Namanga. Nyanya aliyeletwa na wanawe kutoka mashambani ili "apumzike" hushinda katika vyumba viwili vya ghorofa ya tatu, hana jembe, hana kuni, hana kisima. Maji huletwa na mwenye mkokoteni, na bodaboda humfikisha sokoni hata pale ambapo miguu yake ingetosha.

Maradhi ya shinikizo la damu hayana kilio, na ndiyo sababu huua wengi. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila Wakenya wanne wenye umri wa miaka 18 hadi 69 alikuwa na shinikizo la juu. Zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani mwao. Miongoni mwa wale waliokutwa na shinikizo la juu, zaidi ya tisa kati ya kumi hawakuwa wakitumia dawa yoyote. Wengi wa namna hii huujua ugonjwa wao siku wanapopooza upande mmoja wa mwili.

Aghalabu husemwa kwamba kupanda kwa shinikizo ni ada ya uzee, kama mvi. Historia ya Afrika Mashariki yenyewe yakanusha dhana hiyo. Mnamo 1929, daktari Mwingereza C. P. Donnison, aliyehudumu katika hospitali ya Kavirondo Kusini, alichapisha vipimo vya wanaume wapatao 1,000 na kueleza kwamba shinikizo lao halikupanda kwa umri jinsi lilivyopanda kwa wazungu. Katika miaka ya 1960, Mmarekani George Mann na wenzake waliwapima Wamaasai wa Tanganyika. Walikuta shinikizo la chini na miili yenye ukakamavu mkubwa, licha ya chakula chao cha maziwa na nyama. Kisha, mnamo 1990, ukachapishwa utafiti uliowafuata Waluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Shinikizo lao lilianza kupanda muda mfupi tu baada ya kufika mjini, wakati wenzao waliobaki nyumbani hawakubadilika vivyo hivyo.

Hapana budi kusema kweli kuhusu ushahidi huu. Utafiti huo wa mwisho ulielekeza kidole hasa kwa chumvi, kwani wahamiaji walikuwa wakila chumvi nyingi kuliko walivyozoea, na vyakula vyenye madini ya potasiamu vikawa vimepungua. Kwa hivyo si haki kuusingizia ukosefu wa kazi ya mwili peke yake. Bali funzo lililo wazi ni hili: linalopandisha shinikizo la mzee si idadi ya miaka tu, ni namna anavyoishi miaka hiyo. Na namna ya kuishi inaweza kurekebishwa.

Mojawapo ya marekebisho hayo ni mazoezi ya nguvu, yaani mazoezi yanayoilazimisha misuli kushindana na uzito fulani. Ateri za kijana hutanuka kama mpira kila moyo unapopiga. Uzeeni mishipa hiyo hukakamaa, na kipimo cha juu cha shinikizo hupanda. Wakati uo huo misuli hupungua mwaka baada ya mwaka, hasa isipotumiwa. Misuli inapokazwa, mishipa midogo iliyomo ndani yake hubanwa. Inapolegezwa, damu hurudi kwa kasi, na utando wa ndani ya mshipa hutoa kemikali iitwayo naitriki oksaidi, ambayo huufanya ukuta wa mshipa ulegee. Jambo hili likirudiwa wiki baada ya wiki, mishipa hujifunza kutanuka tena, ijapokuwa si kama ya ujanani.

Kuna watakaouliza: je, si kweli kwamba kunyanyua vitu vizito hupandisha shinikizo? Ni kweli, tena hupanda sana. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwapima vijana watano wenye mazoea ya kunyanyua vyuma, wakiwa katikati ya kusukuma uzito mkubwa kwa miguu. Kwa wastani shinikizo lilifika 320 kwa 250, hali kipimo kinachotakikana mtu akiwa ametulia ni chini ya 120 kwa 80. Habari kama hizo ndizo zilizowafanya madaktari wengi wawaambie wagonjwa wao wasiguse kitu kizito. Lakini vijana wale walikuwa wakinyanyua hadi kikomo cha nguvu zao, tena wakizuia pumzi. Mzee hahitaji lolote kati ya hayo mawili. Isitoshe, kupanda huko hudumu kwa muda wa kunyanyua tu. Kinachohesabika ni shinikizo la saa zote nyingine za maisha.

Kwa saa hizo nyingine, ushahidi umeelekea upande mmoja. Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa ushauri wa kuyakubali mazoezi ya nguvu mnamo 2000, na kimeukariri mara mbili tangu hapo. Mwaka 2023, jarida la Uingereza la tiba ya michezo lilichapisha uchambuzi uliojumlisha majaribio 270 yaliyohusu watu wapatao 15,800 wa umri mbalimbali. Mazoezi ya kunyanyua na kushusha uzito yalishusha kipimo cha juu kwa wastani wa milimita 4.5 hivi za zebaki, sawa na kutembea kwa haraka na mengine ya jamii hiyo. Mazoezi ya kukaza misuli bila kusogea, kama vile kuegemea ukuta mgongo wima na magoti yamekunjwa, yalishusha kwa milimita zipatazo 8.

Mwanafunzi wa hisabati atasema kwamba milimita 4 au 8 ni kitu kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya habari za watu wazima milioni moja, ulikadiria kwamba katika umri wa makamo, kipimo cha juu kikiwa chini kwa milimita 2 tu, vifo vya kiharusi hupungua kwa karibu asilimia 10. Hiyo ndiyo thamani ya tarakimu ndogo inapozidishwa kwa watu wengi.

Wala haifai mtu kujitetea kwamba amechelewa. Mwaka 1990, huko Boston, wakazi kumi wa makao ya wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, walipewa mazoezi ya nguvu ya miguu. Tisa kati yao walimaliza majuma manane, na nguvu zao zikaongezeka zaidi ya maradufu. Ikiwa mtu wa miaka 90 anaweza kufanya hivyo, mwalimu anayestaafu akiwa na miaka 60 ana udhuru gani?

Hatusemi kwamba turejee kwenye mateso ya akina mama kubeba mizigo ya kuni kwa kamba za utosini. Mzigo ule uliwavunja wengi mgongo, na kuondokana nao ni maendeleo. Tunalolisema ni kwamba tumeuondoa mzigo bila kuweka zoezi mahali pake. Na zoezi hilo si lazima ligharimu ada ya kila mwezi katika kumbi za mazoezi ambazo wazee wengi huziona kuwa mahali pa vijana. Kuinuka na kuketi kitini mara kumi pasipo kujisukuma kwa mikono ni zoezi la nguvu. Kusukuma ukuta kwa viganja ni zoezi la nguvu. Chupa mbili zilizojaa maji, kila moja ya lita moja, ni vyuma vya kutosha kuanzia.

Hata hivyo, kuna masharti yasiyovunjwa. Kwanza ni kupimwa. Mwenye kipimo cha 180 kwa 110 au zaidi asianze kabla ya kutibiwa, na mwenye maradhi ya moyo amwone daktari kwanza. Pili ni uzito mwepesi, unaoweza kuinuliwa mara 10 hadi 15 bila kutetemeka, kisha uongezwe polepole. Tatu ni pumzi: itolewe wakati wa kuinua, ivutwe wakati wa kushusha, isizuiwe kamwe. Nne ni siku mbili au tatu kwa juma, na siku ya kupumzika katikati. Akihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache mara moja. Zaidi ya yote, mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Mzee atakayetupa vidonge vyake kwa sababu amejifunza kuinua chupa atakuwa amejitia kitanzi. Hali kadhalika, chumvi ya mezani na matembezi ya jioni vibaki pale pale katika hesabu.

Nani basi afanye nini? Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 57, inaitaka Serikali ihakikishe kwamba wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo limezikabidhi serikali za kaunti vituo vya afya na vilevile viwanja na shughuli za michezo. Kwa maneno mengine, afisi za kaunti moja zina kipimo cha shinikizo kwa mkono mmoja na uwanja kwa mkono wa pili. Wahudumu wa afya ya jamii, waliozinduliwa kitaifa Septemba 2023, walipewa mikoba iliyo na mashine za kupimia shinikizo. Mhudumu anayebisha hodi katika nyumba ya Noonkopir anaweza kumpima mzee na kumwonyesha zoezi la kiti katika ziara hiyo hiyo. Kinachohitajika hapa si fedha nyingi, ni agizo na mafunzo ya siku chache.

Lakini mji unaokua kwa kasi ya Kitengela hula nafasi zake zilizo wazi. Pale ambapo kila futi ya ardhi inauzwa kwa ploti, uwanja wa shule huwa ndio ardhi tambarare na salama iliyosalia kwa umma. Ndiposa tunatoa mwito kwa walimu wakuu na halmashauri za shule: fungueni viwanja vyenu kwa wazee wa mtaa, ijapokuwa alasiri mbili kwa juma. Mwalimu wa michezo anajua kuongoza mazoezi. Mwalimu wa biolojia atapata somo hai la moyo na mishipa. Mwanafunzi atakayemhesabia nyanya mara kumi za kuinuka kitini atajifunza adabu ambayo haimo vitabuni. Walimu nao, wanaoshinda wakisahihisha madaftari, wajue kwamba uwanja huo wanautayarisha kwa ajili yao wenyewe.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe tunauona kila siku katika kiti cha plastiki kilichowekwa mlangoni, na mzee ameketi juu yake tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha jioni. Kijana mwenye adabu na aendelee kuukimbilia mzigo ulio mzito kupita kiasi. Ule mwepesi, amwachie mzee aubebe, naye atembee kando yake.