Usiikunje Karatasi Kabla ya Kuuliza

Ndugu zangu wa Matembwe, wazazi, walezi na majirani,

Mama anarudi jioni kutoka Njombe mjini, mtoto kasinzia mgongoni, mkononi ana karatasi ya ultrasaundi iliyokunjwa mara nne. Imeandikwa kwa Kiingereza kwamba figo moja ya mtoto haiko sawa. Kabla hajashuka basi ameshaambiwa mengi: mtoto karogwa, hafikishi miaka 10. La daktari analikumbuka moja tu: amrudishe baada ya miezi mitatu.

Hitilafu hizi hutokea tumboni, viungo vya mtoto vinapojijenga. Si uchawi, wala si kosa la mama. Mtoto 1 kati ya 1,000 hivi huzaliwa na figo moja. 1 kati ya 500 hivi, figo zake mbili zimeungana kwa chini mfano wa herufi U. Wengi wao hukua, wakalima, wakachuma chai na kuzeeka bila kujua. Figo moja ikiwa nzima hukua zaidi, ikabeba kazi ya mbili.

Zipo hitilafu za kufuatiliwa kwa karibu. Figo hutuna pale mkojo unapozuiliwa njiani, au unapotoka kwenye kibofu na kupanda tena juu. Hali ikiwa ndogo, mara nyingi huisha mtoto anapokua. Ikiwa kubwa huhitaji dawa au upasuaji. Ikipuuzwa, maambukizi ya kila mara huacha kovu, na kovu la figo halifutiki.

Nawaomba mambo matatu.

Kwanza, ulizeni. Ni figo ipi? Ile nyingine ni nzima? Turudi lini, na dalili gani ituwahishe? Mwombe daktari akuchoree nyuma ya karatasi ile ile. Kuuliza si ujinga.

Pili, mtazameni mtoto. Wa miaka 2 hajui kusema kiuno kinauma. Atashika tumbo na kulia. Akiwa na homa isiyo na kikohozi wala mafua, apimwe malaria, na mkojo pia. Wa kiume anayejikamua huku mkojo ukitoka matone matone, na yeyote anayeamka uso umevimba, awahishwe hospitali. Ukigusa uvimbe tumboni, usiuchue wala kuukanda. Diklofenaki na mizizi ya kuchemsha asipewe bila daktari kujua.

Tatu, majirani, tuache kunong'ona. Tukisikia msiba hatungoji kuitwa mara mbili: huyu na kuni, yule na sufuria. Basi na tarehe ya kliniki ya mtoto wa jirani tuijue vivyo hivyo. Mmoja abaki na ndugu za mtoto, wengine tuchange nauli, na basi la alfajiri lisimwache mama yake.